Twaiba, Kiongozi wa Wageni Timboni

Kila Jumamosi madrasa ilipokwisha, Twaiba hakuwangoja wenzake. Alikimbia nyumbani, akaliangika baibui lake msumarini, akamimina uji kikombeni na kuanza kuunywa akiwa wima.

"Mbona umesimama kama jogoo?" Babu Boga alimuuliza. "Uji hunywewa mtu akiwa ameketi."

"Wageni watafika kabla yangu, babu!"

Alichukua kapu la sahani na vijiko, akatoka. Mama yake, Bi. Mwanasha, alikuwa ameshatangulia na sufuria za pilau. Kibanda chake cha chakula kilikuwa langoni mwa Hifadhi ya Mwandimu, mwendo wa dakika kumi kutoka kwao, upande wa Msambweni. Twaiba alimfikishia mama kapu, akavaa kizibao chake cha kijani chenye picha ya jongoo mgongoni, na kuanzia hapo hakuwa tena Twaiba wa Gredi ya Sita. Alikuwa kiongozi wa wageni.

Hifadhi hiyo zamani ilikuwa timbo. Kwa zaidi ya miaka thelathini, kampuni moja ilipasua mawe hapo kwa baruti na kuyachoma tanurini ili kupata chokaa. Babu Boga mwenyewe alikuwa mmoja wa wachomaji. Alizoea kusema kwamba siku hizo watu wa Mwandimu walianika nguo ndani ya nyumba, kwa sababu kanga nyekundu ikianikwa nje ilirudi nyeupe kwa vumbi. Mawe mazuri yalipokwisha, kampuni ilifunga lango ikaenda zake. Iliacha shimo kubwa la mwamba mtupu, tanuri lililozimika na dohani ndefu iliyosimama peke yake. Hapakuota hata magugu.

Kisha watu wa pale waliamua kujaribu. Walitoboa mwamba, wakapanda mivinje, miti isiyoogopa jua wala chumvi. Mivinje ikamea, lakini majani yake membamba yalianguka chini yakalala kama mkeka, hayakuoza. Ndipo wakaletwa jongoo, mamia kwa mamia. Jongoo wakayala majani hayo, na kinyesi chao kikawa udongo. Udongo ukaleta nyasi, nyasi zikaleta panzi, panzi wakaleta ndege. Sehemu ya shimo iliyokuwa imejaa maji ya mvua ikawa ziwa dogo lenye samaki na mdiria, ndege wa buluu anayevua samaki.

Hadithi hiyo Twaiba aliijua neno kwa neno. Kila alipofika kwenye kinyesi cha jongoo, wageni walicheka, naye akangoja wamalize kucheka kabla ya kuendelea. Bi. Maimuna Tsofa, mkuu wa hifadhi, mwanamke mrefu aliyevaa buti za mpira hata siku ya jua kali, alikuwa amewafundisha wanafunzi wanane kazi hiyo kwa majuma matatu. Katika mtihani wa mwisho, Twaiba alikuwa wa kwanza.

Alikuwa na kasoro moja tu. Kulikuwa na neno asilolipenda hata kidogo, na neno hilo ni "sijui".

Chuki hiyo ilianza alipokuwa Gredi ya Tatu. Mgeni mmoja alikuja shuleni, akamsimamisha mbele ya shule nzima na kumuuliza swali. Twaiba akajibu kwa sauti ndogo, "Sijui." Watoto wakaangua kicheko, na muhula mzima wakamwita Bi. Sijui. Tangu siku hiyo aliapa moyoni kwamba neno hilo halitatoka tena kinywani mwake.

Kwa hiyo mgeni mmoja wa Nairobi alipomuuliza, "Hiyo dohani iko na mita ngapi?" Twaiba hakusita.

"Mita mia moja na kumi na mbili," alisema.

"Waa! Huyu mtoto ni moto!" mgeni akawaambia wenzake, na akaandika idadi hiyo kwenye simu yake.

Haikuwa idadi ya kweli. Ilikuwa imeruka tu kutoka kichwani mwa Twaiba kama panzi. Lakini mgeni alifurahi, na Twaiba naye akafurahi. Jumamosi iliyofuata mwingine akauliza umri wa kobe mkubwa anayelala karibu na ziwa. Twaiba akasema miaka mia tatu na mitano. Mwingine akauliza kina cha ziwa. Twaiba akajibu kwamba ziwa halina mwisho, limeungana na bahari chini kwa chini, hata ukidondosha nazi pale itaibukia kisiwani Chale.

Jibu hilo la nazi lilisikiwa na Kache. Kache alikuwa rafiki yake na kiongozi mwenzake, msichana mpole aliyetoka Kinango kuja kuishi na shangazi yake. Wageni wakimuuliza jambo asilolijua, Kache alisema, "Hilo sijui. Nitauliza," kisha akaenda kweli kuuliza.

"Twaiba," alisema wageni walipoondoka, "hiyo habari ya nazi umeitoa wapi?"

"Kichwani."

"Kama hujui, si useme hujui?"

"Kiongozi asiyejua ni kiongozi gani? Na isitoshe, nani ameumia? Wameondoka wanacheka."

Kache alifunga kamba za viatu vyake akaenda kupokea kundi jingine.

Jumamosi moja mwezi wa Julai basi la shule lilifika kutoka Mkongani likiwa na watoto arobaini wa Gredi ya Pili na ya Tatu. Mwalimu wao, Chirau, aliwapanga mistari miwili. Bi. Maimuna aliwapa sheria za hifadhi: wasikimbie karibu na maji, na wasichume kitu chochote. Kisha akawagawa. Ishirini walikwenda na Kache, ishirini wakamfuata Twaiba.

Miongoni mwa ishirini wa Twaiba alikuwamo mvulana wa miaka minane aitwaye Alamin. Alikuwa na pengo la meno mawili ya mbele, na maswali yake hayakuwa na kituo. Jongoo ana miguu mingapi? Mdiria analala wapi? Kwa nini maji ni ya kijani? Twaiba aliyajibu yote. Aliyoyajua aliyajibu kwa kweli, na asiyoyajua aliyajibu vivyo hivyo, kwa sauti ile ile.

Walipopita nyuma ya ofisi ya zamani ya kampuni, Alamin alisimama. Hapo palikuwa na ua wa vichaka ambao Twaiba hakuwahi kuutazama vizuri. Matunda yake yalikuwa ya mviringo. Mengine yalikuwa ya kijani, mengine ya manjano, na mengine yalikuwa yamekauka yakapasuka, mbegu nyeusi zikachungulia ndani.

"Dada," Alamin aliuliza, "haya yanaliwa?"

Twaiba aliyatazama matunda. Watoto ishirini walimtazama yeye.

"Yanaliwa," alisema. "Mbegu zake ni tamu kama korosho. Wafanyakazi wa timbo walikuwa wakizitafuna ili wapate nguvu za kubeba mawe."

"Aaa!" watoto wakasema pamoja, na msafara ukaendelea.

Saa sita na nusu watoto wote arobaini walikula pilau la Bi. Mwanasha. Walikula wakamaliza, wakalamba vidole, kisha wakaachiwa wacheze chini ya mivinje huku walimu wakinywa chai. Hakuna aliyemwona Alamin akizunguka nyuma ya ofisi ya zamani.

Saa nane basi lilipowashwa, Alamin hakupanda. Alikuwa amejikunja kando ya lango, mikono miwili tumboni. Mwalimu Chirau alipomkaribia, mtoto alitapika mara moja, kisha mara ya pili, na ya tatu. Uso wake ulikuwa umelowa jasho.

"Alamin! Umekula nini?"

Alamin akatikisa kichwa. Alikumbuka sheria ya kutochuma kitu, akaogopa.

Mwalimu Chirau aligeuka akakitazama kibanda. "Ni chakula hiki," alisema. "Bibi, pilau hili umelipika lini?"

Bi. Mwanasha aliweka mwiko chini. "Wallahi mwalimu, nimelipika leo asubuhi. Watoto arobaini wamekula sufuria moja. Walimu pia mmekula."

"Basi wote wataugua! Tuwapeleke wote hospitali. Na hicho kilichobaki kisiguswe, kipelekwe kikapimwe." Wageni wengine waliokuwa wakingoja sahani zao wakazirudisha mezani, mmoja baada ya mwingine. Bi. Mwanasha alisimama ameshika ncha ya leso yake.

Bi. Maimuna alikuwa akizungumza kwa simu na zahanati. Aliweka mkono juu ya simu akauliza kwa sauti, "Muuguzi anataka kujua mtoto amekula nini. Anasema asipojua atapoteza wakati. Nani alikuwa naye?"

Hapo ndipo Twaiba alipokiona kitu. Mfuko wa shati la Alamin ulikuwa umefura, na kwenye ukingo wake palikuwa pamenata ganda jeusi.

Angenyamaza, nani angejua? Watu wangesema ni pilau. Alimtazama mama yake aliyeamka saa kumi alfajiri kuchambua mchele. Alimtazama Alamin, ambaye midomo yake ilikuwa imepauka. Kinywa chake, kilichokuwa na jibu la kila swali, kilikuwa kikavu kama chokaa.

"Si pilau," alisema.

Sauti ilitoka ndogo, na hakuna aliyemsikia. Akasema tena kwa nguvu, "Mwalimu, si pilau! Amekula matunda ya ua ule, nyuma ya ofisi. Ni mimi niliyemwambia yanaliwa."

Mwalimu Chirau alimtazama. "Nani alikwambia yanaliwa?"

"Hakuna. Nilisema tu. Sikujua."

Kache, aliyekuwa amepiga magoti kando ya Alamin, alitia mkono mfukoni mwa mtoto, akatoa mbegu mbili nyeusi. "Huu ni mbono!" alisema. "Kwetu Kinango tunaupanda uwe ua wa zizi la mbuzi, kwa sababu hakuna mbuzi anayekubali kuula. Alamin, umekula ngapi?"

Alamin akainua vidole vitatu, akilia.

"Mbono, mbegu tatu," Bi. Maimuna aliiambia simu. "Ndiyo. Tunakuja sasa hivi."

Twaiba hakungoja kuambiwa. Alikimbia hadi uani, akavunja kitawi chenye matunda, akarudi mbio na kupanda basi nao.

Zahanati haikuwa mbali. Muuguzi aliyeitwa Purity aliwapokea mlangoni, akakitazama kitawi na kumlaza Alamin kitandani. Alimpa maji yenye chumvi na sukari, kidogo kidogo, kijiko baada ya kijiko, akampima mapigo ya moyo kila baada ya muda mfupi.

"Mbegu tatu zitamtesa lakini tutamsimamia," alimwambia mwalimu. "Angekula kumi ingekuwa habari nyingine. Na mmefanya vizuri kuniletea tunda lenyewe. Mngeniambia ni chakula kibovu, ningekuwa nahangaika na watoto arobaini saa hii."

Twaiba aliketi kwenye benchi la nje. Baada ya muda mama yake alifika kwa miguu, akaketi kando yake. Kuku mmoja alipita mbele yao na vifaranga wake.

"Nilikuwa nikimwapia mwalimu," Bi. Mwanasha alisema mwishowe, "nawe umesimama pale."

"Nisamehe, mama."

"Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu. Mimi niliambiwa hayo na mama yangu, nikadhani nimekwisha kukuambia." Kisha akamvuta akamlaza kichwa begani. "Lakini ulisema. Ulichelewa kidogo, lakini ulisema mbele ya watu wote. Hilo pia nimeliona."

Twaiba akalia hapo kwa mara ya kwanza siku hiyo, na mama hakumwambia anyamaze.

Saa kumi na nusu mlango ulifunguka. Alamin alikuwa ameketi kitandani, rangi imemrudia, pengo lake linaonekana.

"Anauliza swali," Purity alisema huku akicheka. "Anauliza kama kuna pilau lililobaki."

Mwalimu Chirau alicheka hadi akalazimika kuishika miwani yake. Kisha alimwendea Bi. Mwanasha, akamwomba radhi kwa maneno mazuri mbele ya wote. Naye Bi. Mwanasha akamjibu kwamba mtoto akiugua hata mzazi husema asichokusudia, na kwamba Mkongani wakija tena, sufuria itakuwa tayari.

Jioni hiyo Twaiba alikwenda ofisini kwa Bi. Maimuna. Alikuwa amekikunja kizibao vizuri. Alikiweka mezani.

"Shikamoo, Bi. Maimuna. Nimekirudisha."

"Marahaba. Kaa kwanza." Bi. Maimuna alitoa kalamu na daftari. "Mbono ni jambo moja. Nataka uniambie mengine yote uliyoyasema bila kuyajua. Usiniachie hata moja."

Twaiba akaanza. Alitaja dohani ya mita mia moja na kumi na mbili. Alitaja kobe wa miaka mia tatu na mitano, na mdiria anayeota ndoto, jibu alilompa Alamin. Bi. Maimuna aliandika bila kuinua kichwa. Alipofika kwenye nazi inayoibukia Chale, kalamu ilisimama.

"Nazi?"

"Ndiyo."

"Inapita chini kwa chini?"

"Ndiyo, Bi. Maimuna."

Mabega ya Bi. Maimuna yalianza kutikisika. Alijaribu kujizuia, akashindwa, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Twaiba hakujua kama anaruhusiwa kucheka, lakini tabasamu lilimponyoka.

"Una kipaji cha kusimulia, Twaiba," Bi. Maimuna alisema akijifuta macho. "Kipaji hicho sikitaki kipotee. Lakini mgeni akiingia hapa hajui lipi la kweli na lipi la kubuni. Ametukabidhi masikio yake. Leo mtoto ametukabidhi na tumbo lake." Uso wake ulikuwa umekuwa mzito sasa. Aliikata karatasi kwenye daftari akampa. "Kizibao kitakaa hapa kabatini. Kila ulilobuni, nenda ukalitafutie ukweli wake. Ukimaliza orodha hii, njoo ukichukue."

Ilimchukua Jumamosi nne.

Jumamosi ya kwanza hakwenda timboni. Yeye na mama walisafiri hadi Mkongani kuwaomba radhi wazazi wa Alamin. Twaiba alikuwa ameandaa maneno mengi, lakini mama yake Alamin hakumwacha afike hata katikati. Aliwakaribisha mkekani, akawapa mahindi ya kuchemsha na kuwapakia mengine kapuni, huku Alamin akimuuliza Twaiba kama mahindi nayo yana jongoo wake.

Ya pili alimwomba Kache amsaidie kuipima dohani. Hawakuweza kuipanda, basi wakatumia njia waliyofundishwa na mwalimu wao wa hisabati. Walisimamisha kijiti cha mita moja, wakakipima kivuli chake, kisha wakakipima kivuli cha dohani kwa kamba. Kamba ilikwama mara mbili kwenye miiba, na Kache akadumbukia katika shimo lililojaa majani na jongoo. Walipopiga hesabu, dohani ilikuwa mita ishirini na moja.

"Nilizidisha kidogo," Twaiba alisema.

"Kidogo?" Kache akamuuliza, na wote wawili wakakaa chini kwa kicheko.

Kwa habari za wafanyakazi alimwendea Babu Boga. Babu alishangaa. Hakuna aliyewahi kumuuliza walikula nini timboni.

"Mhogo," alisema. "Tuliuweka kando ya tanuri, ukaiva kwa joto lake. Nje ulikuwa mweusi, ndani mweupe na laini, na ulinukia hata watu wa barabarani wakasimama. Tuligawana hata na msimamizi. Mimi ndiye niliyejua pembe ya tanuri isiyounguza." Aliendelea mpaka adhana ya magharibi ikamkatiza, na Twaiba alikuwa amejaza kurasa tano. Hakuwahi kubuni kitu kizuri kama hicho.

Kobe alimshinda. Aliuliza kila mtu, akaambiwa kobe aliletwa akiwa ameshakuwa mkubwa, na hakuna aliyejua alizaliwa lini. Kando ya swali hilo Twaiba alitazama karatasi kwa muda mrefu, kisha akaandika: "Haijulikani." Mkono wake haukuungua.

Bi. Maimuna aliisoma orodha yote, akafungua kabati, akamvika kizibao kwa mikono yake. Ule ua wa mbono ulikuwa umezungushiwa waya, na bango limewekwa: SUMU, USILE.

Kundi la kwanza alilopewa lilikuwa la kina mama kumi na wawili kutoka Jego, waliovaa leso za sare na kuimba njia nzima. Mkubwa wao alikuwa Bi. Shutu, bibi mfupi mwenye macho makali kuliko ya vijana. Twaiba aliwaeleza habari za jongoo, nao wakacheka. Aliwaeleza habari za mhogo wa tanurini, nao wakameza mate.

Walipofika penye mivinje mirefu, alinyoosha kidole juu. Mbega wanne walikuwa wamehamia humo hivi karibuni kutoka msitu wa jirani, kima weusi, wenye manyoya meupe mabegani kama mashungi. Walikuwa wameketi wakitafuna majani bila haraka.

"Mwanangu," Bi. Shutu alisema, "yule wa kushoto, kifuani amekumbatia kitu cheupe. Ni nini kile?"

Twaiba alitazama. Kweli, palikuwa na kitu cheupe kama fumba la pamba. Ulimi wake ukawa na majibu matatu tayari. Ni kovu. Ni ua. Ni kifaranga cha ndege. Kina mama kumi na wawili walikuwa wakimngoja.

"Sijui, bibi," alisema.

Alingoja kicheko, lakini hakuna aliyecheka. Bi. Shutu aliitikia kwa kichwa tu, kama mtu aliyejibiwa vizuri.

"Sijui, lakini nitamwita anayejua. Tafadhalini, msiondoke hapa."

Alikimbia ofisini. Bi. Maimuna aliposikia "kitu cheupe" na "kifuani", aliacha chai yake na kutoka mbio, buti zikipiga kwata, na moja ikabaki matopeni. Alifika chini ya mvinje na buti moja mguuni, akainua darubini yake. Alitazama muda mrefu hata Twaiba akaogopa.

"Ni mtoto," alinong'ona. "Mtoto wa mbega. Huzaliwa mweupe pe, na weusi humjia baadaye. Amezaliwa hapa hapa, labda usiku wa kuamkia leo. Twaiba, huyu ni mbega wa kwanza kuzaliwa timboni."

Kina mama wa Jego walifungua vinywa kupiga vigelegele. "Shhh!" Bi. Maimuna akawasihi. Basi wakaziba vinywa kwa leso, na kwa kuwa furaha haikukubali kukaa, wakaicheza kimyakimya, mabega yakipanda na kushuka, wakizungukana juu ya udongo wa jongoo bila kutoa sauti hata moja. Kache, aliyekuja mbio kuona kuna nini, akaingizwa katikati yao. Juu ya mti kitu cheupe kilijipindua, na kwa mara ya kwanza Twaiba akakiona kiuso kidogo cha waridi.

Bi. Maimuna alimshika bega. "Unaona?" alisema. "Tangu asubuhi nimepita hapa mara mbili, sikumwona. Ungebuni jibu, hawa wangeamini na kwenda zao, na sisi tusingejua. Kusema hujui si aibu, mwanangu, ni mlango. Aibu ni kuufunga kwa uongo, maana kuna mwenzako anayekuja nyuma ataugonga kwa kichwa. Sema unalolijua, usilolijua uliza, na mtu atakuamini katika yote mawili."

"Nimesikia, Bi. Maimuna," Twaiba alisema, na alikuwa amesikia kweli.

Bi. Shutu alikuwa bado anautazama mti, mkono juu ya macho. "Haya, mama tumemwona," alisema. "Na baba yake ni yupi kati ya wale?"

Twaiba alimtazama Bi. Maimuna. Bi. Maimuna akainua darubini, akawatazama mbega mmoja mmoja, akaishusha.

"Bibi," alisema, "hilo hata mimi sijui."

Na safari hii leso hazikutosha kukizuia kicheko.